Nani maskini zaidi, Mkenya au Mtanzania? Muulize aliyeshika dodoso

Mwaka 2025 mitandao ya ukanda wetu ilichangamka kwa habari moja: Kenya imeipiku Ethiopia na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ya mwezi Aprili yaliipa Kenya pato la kama dola bilioni 132 na Ethiopia bilioni 117. Wakenya wakatamba, Waethiopia wakanuna, na Watanzania, kama kawaida yetu, tukaingia kwenye ugomvi usiotuhusu.

Ukitaka kujua nini kilitokea, usiende shambani wala kiwandani. Nenda dirisha la kubadilishia fedha. Mwishoni mwa Julai 2024 Benki Kuu ya Ethiopia iliacha kuishikilia birr, ikaliachia soko lipange bei. Dola iliyokuwa ikiuzwa birr 57 hivi ilivuka 100 ndani ya wiki chache na ikaendelea kupanda. Wakati huohuo shilingi ya Kenya, iliyoanza mwaka ikiwa hoi kwa karibu shilingi 160 kwa dola, ilijikongoja ikarudi kwenye 129 hivi na kutulia hapo. Pato lile lile la Ethiopia, likigawanywa kwa dola iliyopanda bei maradufu, halina budi kusinyaa kwenye karatasi. Mkulima wa kahawa wa Sidama hakuvuna pungufu kwa sababu hiyo, na fundi wa Gikomba hakushona suruali ya ziada.

Nigeria ilipitia hayohayo kwa ukali zaidi baada ya kuiachia naira Juni 2023. Ilikuwa ya kwanza Afrika kwa ukubwa wa uchumi. Baada ya muda ikajikuta nyuma ya Afrika Kusini, Misri na Algeria.

Wachumi wanaijua kasoro hii siku nyingi, ndiyo maana wana kipimo kingine kinachotazama uwezo wa kununua. Badala ya kuuliza shilingi 10,000 zinapata dola ngapi benki, wanauliza zinanunua nini Kariakoo, na kitu hichohicho kingegharimu kiasi gani New York. Kazi hiyo ilianza mwaka 1968 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Siku hizi inaratibiwa na Benki ya Dunia, na watu wanatumwa masokoni duniani kote kuandika bei. Kwa kipimo hicho Ethiopia bado inaizidi Kenya, jambo ambalo si la ajabu kwa nchi yenye watu zaidi ya mara mbili. Lakini hakuna aliyelipigia vigelegele.

Hoja yangu ni hii: nchi zikiwa zinakaribiana, kama zetu hizi, sehemu kubwa ya tofauti tunazotangaziwa inatokana na namna ya kupima. Tanzania na Norway hazihitaji kipimo cha makini. Kila mwenye macho anaona. Tanzania na Kenya zinakihitaji, na hapo ndipo kipimo kinapotuangusha.

Chukua umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Kenya ilifanya utafiti wake wa kaya mwaka 2015/16 ikapata asilimia 36.1. Nimeona watu wazima, wengine na shahada zao, wakiziweka namba hizi mbili bega kwa bega na kuhitimisha kwamba Kenya ina maskini wengi zaidi, majengo marefu ya Nairobi ni rangi tu.

Basi tuitazame mistari yenyewe. Wa Tanzania ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku. Wa Kenya ulikuwa shilingi 3,252 za huko kwa mtu wa kijijini na 5,995 kwa wa mjini. Ukibadilisha kwa bei za dola za miaka hiyo (nimetoka kuzilaumu, najua, lakini kwa hapa zinatosha) unapata dola 22 hivi kwa Mtanzania, 32 kwa Mkenya wa kijijini na karibu 60 kwa wa mjini. Mtu wa Tandale anayetumia shilingi 60,000 kwa mwezi si maskini katika kitabu cha Dodoma. Mhamishie Mathare na fedha hizohizo, atahesabiwa fukara.

Hakuna aliyedanganya. Kila nchi inachora mstari wake kwa kuangalia maskini wake wanakula nini na kwa bei gani, kisha inaongeza kidogo kwa ajili ya mavazi, makazi na mengineyo. Nchi ikiinuka, mstari nao hupandishwa, kwa sababu kinachoonekana kuwa cha lazima kinaongezeka. Mistari hii ilichorwa ili serikali ijue ni wilaya ipi iko nyuma, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Haikuchorwa kwa ajili ya kumshinda jirani.

Benki ya Dunia ilipotumia mstari mmoja kwa wote, wa dola 1.90 kwa siku uliokuwa ukitumika wakati huo, matokeo yaligeuka: Tanzania asilimia 49 hivi, Kenya 37 hivi. Ni watu walewale na dodoso zilezile, ila mshindi amebadilika. Na usidhani kwamba huu wa Benki ya Dunia uliandikwa kwenye jiwe. Mwaka 1990 ulikuwa dola moja. Ukawa 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na tangu Juni 2025 ni dola 3. Kila mara bei mpya za dunia zinapotoka, mamilioni ya watu wanahama kutoka upande mmoja wa mstari kwenda wa pili wakiwa wamelala. Kuna jambo dogo tena ambalo wengi hawalijui. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huhesabu mtoto kama sehemu ya mtu mzima, kwa vile anakula kidogo. Benki ya Dunia inagawa matumizi ya kaya kwa vichwa, kichanga na baba yake sawasawa. Kwa kaya zetu zenye watoto watano, sita, hilo pekee linaondoka na pointi kadhaa.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba tunajua kaya inatumia nini. Hatujui vizuri hivyo, na hii ndiyo sehemu ya simulizi inayonivutia kuliko zote.

Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio hapahapa Tanzania, katika wilaya saba. Walichukua kaya zipatazo 4,000, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likahojiwa kwa mtindo wake. Kuna kundi lililosomewa orodha ndefu ya vyakula zaidi ya hamsini, kimoja baada ya kingine: wiki hii mmekula mihogo? Mmekula dagaa? Kundi jingine lilipewa orodha fupi ya mafungu: nafaka, mboga, nyama. Wengine waliulizwa juma moja lililopita, wengine majuma mawili, wengine wakaambiwa wafikirie mwezi wa kawaida. Wengine walipewa daftari la kaya wajaze kila siku. Na kundi moja lilikuwa la kifahari: kila mtu mzima ndani ya nyumba alikuwa na daftari lake mwenyewe.

Kaya zilikuwa za aina moja, katika kipindi kimoja, nchi ileile. Viwango vya umaskini vilivyopatikana vilipishana kwa zaidi ya asilimia kumi kati ya mtindo na mtindo. Daftari la kila mtu lilionyesha matumizi makubwa zaidi, na kwa hiyo umaskini mdogo zaidi. Swali la "mwezi wa kawaida" lilifanya watu waonekane hoi.

Sababu haihitaji shahada. Mdadisi anapomuuliza mama mwenye nyumba familia imetumia nini, mama anajua unga, mafuta, mkaa na mboga. Hajui kwamba mzee alipiga supu na chapati mbili kabla ya kuingia kazini. Hajui kijana alimaliza elfu tatu kwa mama lishe na soda ya kijiweni, na binti hawezi kusema alinunua nini njiani kutoka chuo. Kadiri watu wanavyozidi kula nje ya nyumba, kaya inazidi kuonekana maskini kuliko ilivyo, kama aliyehojiwa ni mmoja tu. Sasa fikiria nchi mbili, moja imetumia daftari na nyingine imetumia kumbukumbu ya juma moja, halafu waziri anasimama bungeni na kulinganisha.

Bado kuna suala la vipimo. Watu wetu hawanunui kwa kilo. Wananunua fungu la nyanya, kisado cha viazi, sado la maharage, mkungu wa ndizi, gunia la lumbesa lililofumwa shingo mpaka linafanana na mjamzito. Fungu la shilingi 500 la mwezi wa sita si fungu la shilingi 500 la mwezi wa pili; bei imebaki, nyanya zimepungua. Ili dodoso liwe na maana, mtu lazima aende sokoni na mizani, anunue mafungu, ayapime, aandike: fungu moja la Mabibo leo ni gramu kadhaa. Kisha arudie Tunduru, na Kasulu, na tena msimu ukigeuka. Ni kazi ya jua na vumbi, posho yake ndogo, na wauzaji wanakutazama kama umetumwa na mamlaka ya mapato. Ukiibania bajeti, mtu ataketi ofisini na kukadiria. Hakuna atakayejua, isipokuwa asilimia ya umaskini itakayosogea.

Upande wa pato la taifa mambo hayatofautiani sana. Mwaka 2010 Ghana ilipiga upya hesabu zake na uchumi ukaongezeka kwa asilimia 60 hivi, ikaingia uchumi wa kati. Nigeria Aprili 2014: asilimia 89, baada ya kuacha mwaka wa kizio (mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake ndiyo msingi wa hesabu) wa 1990, zama ambazo hakuna mtu wa kawaida aliyekuwa na simu ya mkononi. Kenya Septemba mwaka huohuo: asilimia 25, nayo ikaingia uchumi wa kati. Desemba ikafuata Tanzania, nayo kwa zaidi ya robo. Hesabu mpya zilikuwa sahihi kuliko za zamani, hilo halina ubishi. Lakini ina maana kwamba kwa miaka mingi tulilinganisha nchi iliyohesabu vinyozi, bodaboda na vocha za simu na nchi ambayo bado ilikuwa haijaviona.

Wengi wetu tunakumbuka Julai mosi 2020, Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania uchumi wa kati, miaka mitano kabla ya lengo la Dira ya 2025. Kizingiti kilikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka. Sisi tulikuwa na 1,080. Tofauti ni dola 44, yaani shilingi kama 100,000 kwa mwaka mzima, chini ya shilingi 300 kwa siku. Kwa kipimo chenye makosa ya asilimia kumi na zaidi, kuuvuka mstari kwa asilimia nne ni sawa na kutouvuka. Sisemi kwamba nchi haikupiga hatua. Nasema kwamba hatua hiyo haikupigwa usiku ule, na ngoma zile zingeweza kuchezwa mwaka mmoja kabla au miwili baadaye bila lolote kubadilika mtaani.

Na usisahau kwamba pato la kila mtu linahitaji kujua watu ni wangapi. Tanzania ilihesabu mwaka 2022 ikapata watu 61,741,120, Kenya ilihesabu 2019 ikapata 47,564,296. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilihesabu mara ya mwisho mwaka 1984. Aliyezaliwa mwaka ule Bukavu ana umri wa kuwa na wajukuu, na bado hajawahi kuhesabiwa tena. Kila mara unapoona pato la Mkongo mmoja mmoja limeandikwa hadi dola ya mwisho, jua kwamba chini ya mstari wa kugawanya kuna makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, alichoshwa na enzi ya pato peke yake, na mwaka 1990, akisaidiwa na rafiki yake Amartya Sen, akaanzisha pale UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, fahirisi ya maendeleo ya binadamu: umri wa kuishi, elimu, na kipato, vyote katika namba moja. Fahirisi hii imefichua mengi. Guinea ya Ikweta ilipopata mafuta ilipanda mpaka Benki ya Dunia ikaiweka katika nchi za kipato cha juu, huku afya na shule za wananchi zikibaki jirani na zile za nchi maskini. Oman nayo ilikuwa ikiuza mafuta tangu 1967, lakini mwaka 1970 ilikuwa na shule tatu tu, zote za wavulana, wanafunzi wapatao 900. Ripoti ya UNDP ya 2010 ilipotazama nyuma miaka arobaini, iliitaja Oman kuwa iliyosonga mbele kuliko nchi zote 135 zilizochunguzwa, ikizipita hata China na Korea Kusini.

Hapo Waswahili wana la kusema. Sultan Qaboos alipochukua madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, waliorudi kutoka Unguja na Pemba, na bara pia, walikuja na vyeti. Walikuwa wamesomea ualimu, uuguzi, uhandisi na ukarani, kwa Kiingereza, wakati ambapo nchi haikuwa na watu hao. Ndiyo maana Kiswahili kilisikika katika ofisi nyingi za Muscat mpya. Sehemu ya maendeleo yaliyoandikwa kwenye safu ya Oman ilisomeshwa kwa gharama za Zanzibar, na hakuna safu ya kuandika hilo.

Lakini fahirisi nayo ina ugonjwa wake. Inahesabu miaka ya kukaa darasani. Tathmini za Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zilizoanza kwenda nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda mwanzoni mwa muongo uliopita, zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Ukifuta ada na kujaza madarasa, fahirisi inapanda mara moja. Mtoto kujua kusoma ni habari nyingine, na haimo.

Ningeambiwa nichague namba moja ya kulinganishia nchi za hapa, ningechukua vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Haina dola ndani yake wala mwaka wa kizio, na ni vigumu kuipamba. Ndani yake kuna maji, chanjo, chakula, barabara ya kwenda zahanati, na elimu ya mama. Katika utafiti wa 2004/05 Tanzania ilipoteza watoto 112 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2022 ilikuwa 43. Kenya ilikuwa na 115 mwaka 2003, na 41 mwaka 2022. Kwa dola, pato la Mkenya wa wastani ni zaidi ya mara moja na nusu ya la Mtanzania. Kwa uhai wa mtoto, nchi hizi mbili zimekuwa zikitembea sambamba kwa miaka ishirini, na hatua zote mbili ni kubwa kuliko lolote lililowahi kushangiliwa kwenye magazeti.

Tunaweza kulinganisha hivyo kwa sababu moja ya kiufundi: tafiti hizo zote zilitumia dodoso la muundo mmoja, mama anaulizwa maswali yaleyale Kisumu na Kigoma. Mpango huo ulianza 1984 na umefika katika nchi zaidi ya 90. Uligharamiwa kwa sehemu kubwa na Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID. Februari 2025 fedha hizo zilikatwa, mpango ukasimama katikati ya kazi, na ikabidi wafadhili wengine watafutwe kuunusuru kwa muda. Kipimo bora tulichokuwa nacho cha kujilinganisha sisi kwa sisi kilikuwa mali ya mtu mwingine.

Novemba 2013 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini Kampala itifaki ya sarafu moja. Humo kuna masharti: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50. Humo pia kuna ahadi ya kuunda ofisi moja ya takwimu ya Jumuiya. Sarafu ilitakiwa iwe imefika 2024, sasa inasemwa 2031. Kelele zote ni za noti itakuwa na picha ya nani na benki kuu itakaa wapi. Masharti yote mawili ya juu yanagawanywa kwa pato la taifa, na nchi inayotaka kuyatimiza bila kufunga mkanda inaweza kubadili mwaka wa kizio ikalala na deni kubwa na kuamka na deni dogo. Mimi ningeanza na dodoso. Dodoso moja la kaya, orodha moja ya vyakula, mizani ileile kwa fungu la Kigali, la Bujumbura na la Mwanza, mwaka mmoja, fedha zetu wenyewe. Na Kongo ingeanza na sensa.